Gari la Umeme kwenye Mlima wa Muheto

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Verdiane alipeleka maziwa ya nyumbani kwao kwenye nyumba ya maziwa ya Muheto. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Mukakalisa, alikamua ng'ombe wanne. Verdiane alimimina maziwa ndani ya bidoni ndogo, mtungi wa bati wenye kifuniko, akaifunga, akaiweka kichwani juu ya ngata. Njia aliijua hata siku ambazo ukungu ulificha malisho yote.

Mbele ya nyumba ya maziwa watu walipanga foleni, wakingoja Kapita Grégoire, msimamizi wa kazi, apime maziwa yao. Mwaka huo, 1956, foleni ilikuwa na jambo moja tu la kuzungumza: gari la umeme.

Mzungu mwenye shamba alikuwa ameliagiza kutoka Ulaya. Lilikuwa dogo, lenye sakafu bapa ya kupangia bidoni, usukani na kiti kimoja. Milango halikuwa nayo. Chini ya sakafu zilipangwa batiri kumi na mbili nzito. Zilichajiwa kwa umeme wa mashine iliyozungushwa na maji ya kijito cha shamba. Dereva wake alikuwa Papa Athanase, mtu wa Walikale. Aliletwa kutoka machimbo ya karibu na Mubi, ambako alikuwa ameendesha mashine ya batiri iliyovuta mabehewa ndani ya shimo.

Aliyelipinga gari hilo zaidi ya wote alikuwa Semana, mdogo wa baba yake Verdiane. Yeye aliendesha lori la petroli lililopeleka maziwa Sake.

"Ile si gari," Semana alisema asubuhi moja. "Ile ni kitanda. Wameweka magurudumu ku kitanda."

Watu wakacheka.

"Kitanda yangu haikohoe," Athanase akajibu. "Lori yako ikiwaka, ng'ombe ya watu inakimbia mpaka Sake. Na petroli ikikosekana, unafanya nini? Unalala. Mimi, kijito haikatike."

"Na ku mulima je?"

"Itapanda."

"Itapanda na nini? Batiri peke yake inashinda maziwa uzito! Gari inabeba tumbo yake yenyewe. Na siku umeme itaisha katikati ya njia? Mimi nitaomba petroli ku muntu. Wewe utaomba nini? Radi?"

Foleni yote ikaangua kicheko. Verdiane peke yake hakucheka.

"Papa Athanase njo anasema kweli," alisema kwa sauti. "Maziwa ya gari yake hainuke petroli!"

"Nyamaza, mutoto wa kaka," Semana akamwambia huku akitabasamu. "Peleka bidoni."

Mjadala ule uliingia hata shuleni. Mwalimu Honoré aliligawa darasa la tano pande mbili, upande mmoja ukitetea lori na mwingine gari la umeme. Verdiane alizungumza kwa nguvu sana juu ya ukimya wa gari, usafi wake na kijito kisichokauka. Wenzake wakamjibu kwa tope, mvua na milima. Mwisho mwalimu akagonga meza.

"Mmesema vizuri, lakini hakuna kati yenu aliyeliona likipanda," alisema. "Ijumaa litajaribiwa. Tutapiga kura baada ya kuona."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kueleza. Gari lingepakiwa bidoni kubwa ishirini chini kwenye malisho, kisha lipande hadi barabara kuu. Likifika juu, lingebaki. Likishindwa, lingerudishwa lilikotoka, na Athanase angekosa kazi.

Siku ya Jumatatu Verdiane alimkuta Athanase amefungua vifuniko vya batiri, anachungulia ndani.

"Maji ya batiri inapunguka kidogo," Athanase alisema. Alinyanyua chupa tupu. "Maji yake imeisha. Ingine itakuja na lori Ijumaa."

"Ijumaa njo siku ya kujaribu, Papa. Itapanda bila maji?"

"Itavumilia," alijibu, akaenda kumsaidia kapita.

Jibu hilo halikumtuliza Verdiane. Kwao, ng'ombe anayepelekwa safari ndefu hunyweshwa kwanza maji yenye chumvi. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Ng'ombe aliyekunywa chumvi hutembea kwa nguvu hadi sokoni. Asiyekunywa hulala njiani. Huko Muheto hakuna mfugaji aliyeshuku jambo hilo.

Jumanne asubuhi akajaza kibuyu maji ya chumvi kwenye hori la ng'ombe wao, akakibeba pamoja na bidoni ya maziwa. Athanase alikuwa ameshuka kijitoni kufunga mlango wa maji. Gari lilikuwa limesimama peke yake. Verdiane akafungua vifuniko kama alivyoona vikifunguliwa, akamimina. Kibuyu kiliisha kwenye batiri ya tano. Matone yalirukia sketi yake, akayafuta kwa kiganja, nacho kikamwasha. Akanawa mikono, akaenda shuleni akiwa na furaha.

Jumatano na Alhamisi, kila alipochaji, Athanase alisikia harufu kali kama ya maji ya Javel, dawa ya kusafishia. Alidhani ni wanawake waosha bidoni waliokuwa wakisugua sakafu jirani. Hakuuliza.

Ijumaa, darasa zima lilisimama kando ya njia. Bidoni ishirini zilipakiwa. Gari likaanza kupanda bila kelele, likapita kona ya kwanza, na ng'ombe waliokuwa wakila majani hata hawakuinua vichwa. Verdiane akapiga makofi. Kwenye kona ya pili likapunguza mwendo. Likatambaa hatua chache, likasimama. Athanase alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Watu wawili wakaweka mawe nyuma ya magurudumu lisirudi chini.

Semana akaja na kamba na lori lake. "Kitanda imelala," alisema. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kapita Grégoire hakucheka. "Athanase, hukuchaji."

"Nilichaji kila siku, Kapita. Lakini hii batiri inanuka Javel. Sijue kwa nini."

"Batiri inanuka Javel! Umeiharibu, basi."

Mzungu mwenye shamba alisikiliza kidogo, kisha akatoa uamuzi. Jumatatu gari lingefungwa kwenye sanduku lake ili lirudishwe. Na katika kitabu cha kazi cha Athanase ingeandikwa kwamba aliharibu mashine kwa uzembe. Kila mtu pale alijua maana yake. Mtu mwenye mstari kama huo kitabuni hapokelewi kwenye machimbo yoyote, wala kwenye shamba lolote.

Mchana darasa likapiga kura. Wanafunzi thelathini na mmoja walisema gari la umeme halifai. Wanne tu walisema linafaa, na Verdiane alikuwa mmoja wao. Akainua mkono.

"Mwalimu, batiri inawezaje kunuka Javel?"

Mwalimu Honoré alifikiri kidogo. "Ni ajabu, kwa sababu ndani mna asidi na maji safi tu. Harufu ile hutoka pale umeme unapopita kwenye maji ya chumvi. Lakini nani angeweka chumvi kwenye batiri? Chumvi hula vyuma vya ndani. Ni sumu yake."

Verdiane akaketi. Kengele ya kutoka ilipolia, alitoka mbio kwenda nyumbani.

Nyumbani, mama yake alikuwa akifua. Aliinua sketi, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa na matundu madogo sita.

"Nguo imekuliwa na nini?"

"Ni miiba, Mama."

"Muiba inapasua. Haichome duara."

Verdiane alitazama chini. Kisha akaeleza yote: kibuyu, hori, batiri tano, maneno ya mwalimu. Alieleza akilia. Mukakalisa alimsikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa bado ndani ya povu.

"Sasa nimesema," Verdiane akamaliza.

"Umesema ku mimi," mama yake akajibu. "Mimi si Athanase. Ukiniambia mimi peke yangu, Jumatatu yeye bado anafukuzwa."

"Watu watanicheka, Mama. Papa Semana atanicheka mpaka nitaolewa."

"Atakucheka, ndiyo. Kesho nitabeba bidoni mimi, wewe utabeba ile maneno."

Jumamosi foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana watu walitaka kusikia habari za Athanase. Yeye alikuwa akikunja nguo zake kwenye mlango wa chumba chake. Verdiane akasimama mbele yake.

"Papa Athanase, mimi njo niliweka maji ya chumvi mu batiri. Jumanne. Nilitaka gari ipate nguvu, sawa ng'ombe."

Papo hapo Semana akapasuka. "Alinywesha gari! Jamani, mutoto wa kaka alinywesha gari!" Watu walicheka, wengine wakiinama hadi chini. Verdiane alibaki amesimama pale pale.

Athanase hakucheka. Alikuja karibu. "Ngapi?"

"Tano."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha moja baada ya nyingine. Athanase alirudi mbio chumbani, akatoka na chupa za maji ya batiri na za asidi zilizofika jana na lori. Semana alipoona anainama peke yake chini ya sakafu ya gari, aliacha kucheka, akavua koti, akaenda kumsaidia kubeba. Batiri zile tano zikamwagwa asidi yote kwa uangalifu, zikasuuzwa mara nyingi kwa maji safi, zikatiwa asidi mpya. Kapita Grégoire alikwenda mwenyewe kumweleza mwenye shamba. Aliporudi alisema kitabu cha Athanase hakitaandikwa kitu, na gari litajaribiwa tena baada ya wiki tatu.

Batiri tatu zilipona. Mbili zilikuwa zimekufa, mahali pake zikawekwa batiri za akiba.

Siku ya jaribio la pili darasa lilisimama tena kando ya njia, na Mwalimu Honoré alikuwa amefuta ubaoni hesabu ya kura za kwanza. Gari lilipakiwa bidoni ishirini, likapita kona ya pili, likakwama kwenye ya tatu. Zikapunguzwa hadi kumi na nne, likafika juu. Alasiri mvua ilinyesha, wakajaribu tena. Magurudumu yakateleza kwenye tope, halikupanda hata na kumi.

"Nilisema mimi," Semana akatamka.

"Ulisema haitapanda kabisa. Imepanda," Athanase akajibu.

"Imepanda siku ya jua!"

"Na wewe lini ulienda bila petroli?"

Waliendelea kubishana, lakini mwenye shamba alikuwa amekwisha kutoa uamuzi. Gari la umeme litakusanya maziwa kwenye malisho ya chini, ambako njia ni tambarare, nalo lori litapanda mlima na kwenda Sake. Athanase akafungua tena mzigo wake wa nguo.

Verdiane alipewa adhabu ya kuosha bidoni kila Jumamosi kwa mwezi mmoja. Jumamosi ya kwanza, Athanase alimletea ndoo ya maji ya moto, akaketi juu ya bidoni iliyopinduliwa.

"Papa, bado umenikasirikia?" Verdiane aliuliza.

"Juu ya chumvi, hapana. Hukujua. Na mimi niliacha vifuniko wazi mbele yako, sikukuambia kwa nini tunaweka maji ya mu chupa tu. Ile kosa tunaigawana." Akamimina maji ya moto ndani ya bidoni. "Lakini toka Ijumaa mchana ulijua, ukaenda nyumbani ukasema ni miiba. Mama yako aliniambia. Sikiliza, Verdiane. Gari kushindwa mulima si haya; sasa tunajua nguvu yake inaishia wapi. Ile siku wewe ulinyamaza, hatukujua kitu. Semana alifikiri ameshinda, kapita alifikiri mimi ni muzembe, darasa yenu ilibaki na kura yake, na wote walikuwa wanasema uongo bila kujua. Ukiharibu kitu, sema upesi, saa kitu bado inaweza kutengenezwa. Batiri tatu zilipona kwa sababu ulisema Jumamosi. Ungengoja mpaka Jumatatu, hata moja isingepona, na mimi ningekuwa njiani kurudi Walikale."

"Nimesikia, Papa."

"Vizuri. Sasa sugua mpaka chini. Maziwa inaganda ku kona."