Kukosa Mara Tatu

Kwa maelezo ya Mama Ndoo, ambaye ukuta wake na wa fundi vioo ni mmoja, hesabu ndizo zilizompanda binti wa fundi huyo kichwani. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, saa nane na nusu mchana, jua kali, wenzake wote wako darasani, naye amejikunyata nyuma ya matangi ya maji akiandika hewani kwa kidole.

"Midomo inacheza, sauti haitoki," anasema Mama Ndoo, na hapo anaichezesha midomo yake mwenyewe, mtu asije akadhani anatia chumvi. "Nikamwita, 'Mwanangu, unaumwa?' Akanitazama kama nimeandikwa namba usoni. Kisha huyo, mbio!"

Kufikia jioni habari ilikuwa imeshaota miguu. Binti kafukuzwa shule. Binti kamchoma mwalimu kwa bikari. Mwalimu kalazwa. Ya kweli yalikuwa mawili tu: kwamba alikuwa nyuma ya matangi, na kwamba midomo ilikuwa ikicheza. Mengine Mama Ndoo aliyajazia, kama anavyojaza ndoo zake mpaka zinamwagikia watu miguuni.

Nyumbani binti huyo walimwita Kipimo. Kila asubuhi, mama yake akiwa ameshatoka kwenda kufua mashuka ya hospitali, yeye alisimama karakanani kwa baba na kumsomea tepu, maana mistari midogo ya milimita ilikuwa imeanza kuyakimbia macho ya baba.

"Arobaini na mbili, na milimita sita."

"Sita au saba?"

"Sita, baba."

Baba alipitisha kalamu yake ya kukatia kioo mara moja, akagonga kidogo kwa chini, na kioo kikaachana vipande viwili bila ugomvi. Namba ikiwa mbaya, kioo kilikwenda kwenye pipa la vigae mlangoni, na hapakuwa na mjadala. Tangu utotoni Kipimo aliijua sauti ya kosa. Ni sauti ya kioo kikianguka ndani ya pipa.

Alitaka kuwa mpima ardhi. Aliwahi kuwaona wapima kando ya barabara, mmoja kainamia darubini ya miguu mitatu, mwingine yuko mbali kashika fimbo yenye rangi, na hamu hiyo haikumtoka tena. Chuo cha upimaji hakimpokei asiyesoma kalkulasi, na shuleni kwao huwezi kufika kwenye kalkulasi bila kupitia darasa la maandalizi mwaka wa tatu. Darasa hilo lilikuwa moja tu, mwalimu mmoja, madawati thelathini na mawili. Jina la Kipimo lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaongoja.

Wiki ya pili ya muhula, kiranja wa darasa lile alimfuata uwanjani.

"Wewe ndiye Kipimo? Una bahati wewe. Yule mrefu wa nyuma kakosa mara tatu, katolewa. Kesho uje na daftari la miraba." Akamkabidhi karatasi iliyopigwa chapa, yenye kichwa cha herufi kubwa: MATARAJIO NA MASHARTI YA SOMO. "Mzazi atie sahihi. Una swali?"

Alikuwa nalo. Alitaka kuuliza huyo mrefu alikosa nini hasa. Lakini wasichana watatu walikuwa wamesimama pale wakimpima mgeni kuanzia viatu kwenda juu, na mgeni hapendi kuonekana mshamba siku ya kwanza.

"Sina," akasema.

Alimsomea baba masharti hayo jioni, baba akifuta kioo cha dirisha la mtu.

"'Kazi ya nyumbani ikusanywe kabla ya kengele.'"

"Sawa."

"'Jibu lisiloonyesha njia ni sifuri, hata likiwa sahihi.'"

"Hapo kanifurahisha. Jibu litokee tu kama mzimu?"

"'Kalkuleta haiazimwi.'"

"Kama kalamu yangu ya kukatia."

"'Atakayekosa mara tatu ataondolewa, na nafasi yake atapewa mwingine.'"

Baba akaacha kufuta. "Mara tatu? Basi huyo mwalimu ana roho nzuri. Mimi hapa nikikosa mara moja, kwisha habari ya kioo." Akatia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole. "Usikose, mama."

"Sitakosa, baba."

Wakaridhika wote wawili. Tangu darasa la kwanza, kwenye hesabu mtu hupata au hukosa. "Umepata ngapi?" "Nimepata nane, nimekosa mawili." Kipimo alilizoea neno hilo kama kandambili zake za kuogea. Angeanzia wapi kulitilia shaka?

Mwalimu wa somo, mama mmoja mwembamba mwenye kalamu ya wino wa kijani, wanafunzi walimpachika jina la Dakika, kwa sababu kengele ya saa nane ikikoma, mlango wake umeshafungwa. Alikuwa na daftari jeusi ambalo halikukaa mbali na mkono wake. Jumatatu alimwita Kipimo ubaoni achore grafu. Kipimo akasahau alama moja ya kutoa, na mkunjo uliotakiwa kutazama juu kama bakuli ukatazama chini kama kofia.

"Umekosa," akasema Dakika, bila ukali. Akafungua daftari jeusi, akaandika kitu. "Kaa."

Moja, Kipimo akahesabu.

"Karibu chamani," akanong'ona msichana wa dawati la pembeni, waliyemwita Bisi kwa kuruka-ruka kwake. "Mimi nimekosa leo kama kawaida yangu." Akacheka. Kipimo alimtazama kwa huruma, kama anayemwona mtu akicheka ukingoni mwa shimo.

Jumatano ilikuwa ya mdomo. "Sain ya nyuzi thelathini?" Kipimo alilijua jibu, alikuwa amelala nalo na kuamka nalo, lakini kidole cha mwalimu kilipomwelekea, likatoka lingine: mzizi wa tatu gawanya kwa mbili.

"Hiyo ni kosain. Umekosa tena, bibie." Na daftari jeusi likafunguliwa.

Mbili, Kipimo akahesabu. Kesho yake kulikuwa na jaribio la maswali ishirini, na nani atatoka na yote ishirini? Njia nzima ya kurudi nyumbani alipiga hesabu yake hatua kwa hatua, kama masharti yalivyotaka. Akienda, atakosa. Akikosa, ni mara ya tatu. Asipokwenda, je? Atakosaje, na hayupo? Hesabu ilikuwa safi. Njia yote ilionekana.

Basi Alhamisi saa nane akatoka kwa upenyo wa ua akaenda nyuma ya matangi, na Ijumaa hivyo hivyo, na Jumatatu. Hakwenda kuzurura. Alikwenda na daftari, akafanya milinganyo, akachora mikunjo, akaandika hewani sain na kosain za pembe zote mpaka zikawa zinatoka zenyewe. Alijiambia atarudi siku ambayo hawezi kukosa kabisa.

"Habari za hesabu?" baba aliuliza kila jioni.

"Leo sijakosa hata moja."

"Safi."

Ulikuwa ukweli, na kila alipousema aliyakwepa macho ya baba.

Jumanne alirudi. Alifika kabla ya kengele, kifua mbele, kichwa kimejaa namba zilizonyooka. Kwenye dawati lake alikuwa amekaa msichana mwingine, kalamu zake zimepangwa, karatasi ya masharti iko mbele yake na sahihi ya mzazi.

"Wewe unatafuta nini?" Dakika akauliza mlangoni. "Umekosa mara tatu."

"Mara mbili, mwalimu! Nimekosa mara mbili tu!"

"Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Wewe unazihesabu ngapi?"

"Lakini siku hizo sikuwepo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Bisi peke yake hakucheka.

"Hukuwepo," Dakika akasema polepole. "Ndiyo kukosa kwenyewe huko, mtoto wangu."

Lile neno lilimgeukia pale pale, mbele ya watu thelathini na wawili.

Baada ya kipindi aliitwa chumba cha walimu. Alimkuta baba yake ameketi kwenye benchi, vumbi la kioo linang'aa kwenye nywele za mikono. Habari ya mtaa ilikuwa imempata mwisho, kama kawaida ya habari za mtu mwenyewe, naye alikuwa amefunga karakana akaja moja kwa moja.

"Mwalimu, samahani sana," baba akaanza, akiinuka na kusimama wima. "Nimesikia mwanangu kakuchoma na bikari."

Dakika akajitazama mikono. "Mimi? Basi labda bado iko njiani. Kaa, fundi."

Ndipo Kipimo akaeleza. Alieleza yote, ya kofia na bakuli, ya kosain, ya daftari jeusi, ya matangi, na ya zile jioni za "sijakosa hata moja," machozi yakimchuruzika bila yeye kuyafuta. Dakika alichukua karatasi ya masharti, akaisoma, akairudia kusoma, akavua miwani.

"Limekosekana neno hapa," akasema. "'Kipindi.' Atakayekosa kipindi mara tatu. Miaka sita nimeiandika hivi. Siku ya kwanza ya muhula huwa naisoma kwa sauti na kuieleza. Wewe siku hiyo hukuwa wangu bado." Akaligusa daftari jeusi. "Hili ni la mahudhurio. Humo naandika pia nani kapita ubaoni na nani kaulizwa, ili kila mtu apate zamu yake. Hakuna kingine humu."

"Basi kama neno ni lako, mwalimu," baba akasema kwa upole, "mrudishe mtoto."

"Yule aliyekaa pale alingoja tangu mwanzo wa muhula, kama alivyongoja huyu. Leo nimwinue kwa kosa gani? Na idadi ya madawati si yangu, ni ya mkuu wa shule."

Baba akainamisha kichwa. "Na mimi ndiye niliyemtia hofu. Niliweka sahihi, nikatia na maneno yangu juu yake."

Dakika akamgeukia Kipimo. Hakuwa na ukali. Pengine angekuwa nao ingekuwa nafuu. "Sikiliza, binti. Kukosa jibu mbele yangu si dhambi, ndiyo kazi inayowaleta mle ndani. Bisi ameshakosa mara kumi na moja, na yupo, na anaendelea vizuri. Ulipokwenda kombo ni pale ulipoubeba woga peke yako. Kiranja alikuuliza kama una swali. Baba alikuwepo kila jioni. Mimi nilikuwepo. Jambo likikunyima raha, hata kama unadhani umelielewa, uliza siku hiyo hiyo. Watacheka, ndiyo. Kicheko hakifiki hata kwenye kengele. Kujificha, umeona kunafika wapi."

Yalikuwa maneno ya haki, na Kipimo aliyaelewa yote. Ila hayakuwa na dawati ndani yake.

Jioni hiyo aliandika barua kwa mkuu wa shule. Aliomba aruhusiwe kusimama nyuma ya darasa, bila dawati, bila alama, mpaka nafasi itakapopatikana, na ikiwa haitapatikana, aendelee tu kusimama. Mama yake aliisoma, mikono yake imevimba kwa sabuni, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu," akageukia jiko. Asubuhi Dakika akaongeza mistari miwili kwa chini, kwa wino wake wa kijani, na barua ikapelekwa ofisini.

Siku zikaenda. Bisi alimwazima daftari lake kila jioni, na siku za kwanza Kipimo alinakili na kuelewa. Kisha zikaja kurasa za duara lenye mishale, na chini yake Bisi kaandika, "alieleza kwa kamba na msumari, ilipendeza sana." Ni hivyo tu. Kipimo alilitazama duara lile mpaka likawa duara tu. Wenzake walikuwa wanakwenda, kila siku kipindi kimoja mbele, na yeye alikuwa anawaona migongo.

Siku ya tisa alipita tena ofisini kabla ya saa nane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado, mwanangu," karani akasema kabla hajaulizwa. "Mkuu ana mikutano. Barua yako ipo, haijapotea."

Kweli ilikuwepo. Kipimo aliiona kwenye sinia la barua, pembe yake yenye wino wa kijani imechungulia. Wiki iliyopita ilikuwa ya pili kutoka juu. Sasa juu yake kulikuwa na ombi la chaki, na ombi la fundi bomba, na bahasha nene tatu, na gazeti.

"Muhula umebaki wiki ngapi, mama?"

"Tano. Na siku kadhaa."

Kipimo akashika ukingo wa meza. Alikuwa amejifunza kuuliza sasa, na aliuliza waziwazi, bila kujali waliokuwa wamekaa kwenye viti wakisubiri.

"Naomba basi uiweke juu. Iwe ya kwanza tu. Naomba, mama."

Simu ikalia. Karani akainua kidole kimoja kumwashiria asubiri, akaishika, akasema, "Ndiyo, ofisi ya mkuu," akakizungusha kiti chake kuelekea dirishani, na akaendelea kuzungumza.