Ufukwe wa Kusimuliwa

Asubuhi ya mbio za hisani, uwanja wa mbele ya gati la feri ulijaa fulana za njano, kiasi kwamba mtu aliyetazama kutoka ghorofani angeapa mji umepasuliwa mayai. Kila mkimbiaji alikuwa akijinyoosha kwa uzito wa mtu aliyetumwa kuokoa taifa. Katikati ya umati huo akapita kijana mrefu, kaptura yake imerukiwa na madoa ya rangi za kila namna, chupa ya juisi mkononi, amechelewa, na hatazami anakokwenda. Akamgonga msichana. Juisi yote ikahamia kwenye fulana ya msichana.

"Dada, huoni?" kijana akafoka, kama wafanyavyo wenye makosa popote walipo.

"Sioni," msichana akajibu kwa upole. "Na wewe una kisingizio gani?"

Hapo ndipo kijana alipoiona fimbo nyeupe iliyokunjwa kwapani, na macho yaliyotulia mahali pasipo na kitu. Aliomba ardhi ipasuke. Ardhi ikakataa. Ikambidi abaki pale pale, akipangusa fulana ya mtu asiyemjua kwa kofia yake mwenyewe, huku fulana za njano zikimzunguka kusikiliza.

"Acha, utanichubua," msichana alisema, akicheka. "Afadhali unitafutie binamu yangu. Yeye ndiye huniongoza. Ila hata hutampata, amepiga simu sasa hivi. Ameteguka mguu akishuka kitandani. Kitandani, kaka! Mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima."

"Nikuongoze mimi."

"Wewe? Hata mwenyewe hujiongozi."

"Ndiyo maana nahitaji mtu wa kunituliza."

Msichana alifikiri kidogo, kisha akatoa mfukoni kamba fupi yenye kitanzi kila ncha, akamkabidhi ncha moja. "Sheria ni moja tu. Uniambie kilichopo. Shimo, ngazi, mtu mnene, chochote. Kilichopo."

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Kijana huyo alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na wenzake walimwita Kopo. Msichana alipokea simu katika idara ya maji. Kwa sauti yake nyangavu aliitwa Kengele, na mteja ambaye bomba lake lilikuwa kavu tangu wiki iliyopita aliisikia sauti hiyo akasahau tusi alilokuwa ameliandaa.

Mbio zile walizimaliza miongoni mwa wa mwisho, nyuma ya bibi mmoja na mbwa wake, kwa sababu Kopo hakunyamaza. Aliisema meli iliyotia nanga, bluu ya mlango wa hospitali, na kutu iliyokuwa ikishuka ubavuni kama chai iliyomwagika. Alizisema paa za maghala. Alimsema hata yule bibi.

"Hakuna aliyewahi kunitajia rangi," Kengele alisema mwishoni, akihema. "Macho yangu yalizimika nikiwa shule ya msingi, lakini rangi ninazo zote kichwani. Binamu yangu husema 'jiwe' tu. Jiwe, jiwe, jiwe. Nimekimbia miaka yote hii katika mji wa mawe matupu."

Yule binamu alipopona mguu, hakuitwa tena.

Wakawa wanakimbia kila alfajiri. Siku za uvivu walizunguka bandari, penye harufu ya dizeli na kamba zilizolowa. Siku za ushujaa walipanda barabara ya mlimani, ile inayopinda juu ya mji, ambako maji huonekana yote kwa pamoja.

"Leo yakoje?"

"Kijivu. Ile ya ukuta kabla rangi yenyewe haijapakwa. Ila kwa mbali kuna mstari wa fedha."

"Mnene?"

"Mwembamba. Kama uzi kwenye ukosi wa fulana yako."

"Acha ukosi wangu, tazama barabara, we mtu!"

Yote hayo yalikuwa kweli. Ni vizuri ijulikane mapema.

Asubuhi moja wakajaribu njia mpya, ile ya ufukweni. Kengele alivuta kamba. "Punguza mwendo. Hapa ndipo penyewe. Baba alikuwa akinileta hapa siku za Jumapili, mimi nimevaa viatu vya kubana, yeye amevaa suti yake moja. Kulikuwa na mijakaranda, safu nzima mpaka mwisho wa njia. Ndicho kitu kizuri cha mwisho nilichokiona, Kopo. Baba amekufa, macho yamekwenda, lakini ile miti ninayo. Ipo?"

Kopo akatazama. Mbele yao ulinyooka ukuta wa mabati, mrefu kuliko mtu, umebandikwa picha ya hoteli ambayo bado haijajengwa na watu wenye meno meupe waliokuwa tayari wameifurahia. Chini ya mabati vilibaki visiki, vimekatwa sawasawa. Maji hayakuonekana hata tone.

Akamtazama msichana. Uso wake ulikuwa umeinuliwa, mdomo wazi kidogo, unangoja.

"Ipo," Kopo akasema.

"Imechanua?"

"Imechanua mpaka inatia aibu."

Kengele akacheka, machozi yakamtoka, akamshika mkono badala ya kamba. Basi nani angerudi nyuma?

Tatizo la uongo ule ni kwamba ulitaka kulishwa kila asubuhi. Kengele alipouliza mbona upepo haufiki, Kopo alisema matawi yamefungamana. Alipouliza mbona hasikii maua chini ya viatu, aliambiwa wafagiaji wa manispaa ni watu wenye bidii ya kutisha. Harufu ya saruji? Wanatengeneza mabenchi mapya. Mabenchi yakahitaji watu wa kuyakalia, Kopo akaweka wazee wawili, mume na mke, walioshikana mikono kila alfajiri. Alizoea kuwasimulia hadi siku moja nusura awaamkie shikamoo.

Mchana alikuwa akimpigia simu kazini.

"Idara ya Maji, nikusaidie nini?"

"Nina kiu ya mtu."

"Hilo tunalishughulikia baada ya saa za kazi, bwana."

"Umevaa nini leo?"

"Gauni la kijani ulilonichagulia. Wenzangu wanasema limenikaa, lakini hao ni watu wa utani. Nakuuliza wewe."

"Limekukaa hasa. Na nakupenda."

"Hilo la pili sikuuliza," Kengele alijibu, na wateja wote waliofuata saa ile walihudumiwa vizuri mno.

Mama yake Kengele alikuwa mjane, fundi cherehani. Tangu kumzika mumewe, alitoka nyumbani kwa mambo mawili tu: vitambaa na vifungo. Kengele akaanza kumsimulia ufukwe. Kila siku alileta kipande: kivuli, benchi, zambarau ya maua, wazee wawili. Mama aliendelea kushona. Kisha Jumamosi moja akaizima cherehani, akavaa gauni lake la bluu na kilemba cheupe, akasema, "Twende nikaone."

Kengele alimpigia Kopo wakiwa ndani ya teksi.

"Mpenzi, hutaamini! Mama ametoka! Tunakwenda ufukweni, kwenye miti yetu!"

Dukani, mashine ya kutikisa rangi ilikuwa ikiunguruma. Kopo akaizima. Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, pana kama mlango wa ghala, na simu sikioni.

"Msiende leo," akasema. "Mvua inakuja. Mbingu imekuwa nyeusi."

Akasikia Kengele akimgeukia mama yake, kisha kicheko cha mama, cha kwanza alichowahi kukisikia. "Mama anasema mbingu safi kama sahani. Mwoga wewe! Tutakupigia kutoka kwenye benchi."

Kopo alikimbia. Hajawahi kukimbia vile katika mbio zozote, aproni ingali mwilini, akiacha alama za rangi ya krimu juu ya lami tangu dukani hadi ufukweni. Alipofika, teksi ilikuwa imekwishaondoka. Mama alisimama katikati ya njia, mkoba ameukumbatia. Kengele alikuwa amegusa mabati. Kiganja chake kilipanda na kushuka kwenye mikunjo, polepole, kana kwamba anatafuta mlango.

"Mwanangu," mama alikuwa akisema, "miti ipi? Uliniambia miti."

Kengele alisikia mhemo wa mtu nyuma yake. Aliujua.

"Kopo. Kuna nini hapa?"

"Nisamehe."

"Sijakuuliza hilo. Kuna nini hapa?"

"Mabati."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wale wazee?"

Kopo akatazama visiki. Mama alimtazama kijana kuanzia aproni hadi viatu. Hakumtukana. "Baba," alisema, "mimi nilikuwa nimeshazoea kukaa ndani." Akamshika binti yake mkono, wakaondoka kwa miguu.

Wiki ile simu ya Kengele haikupokelewa. Kopo, akiwa amekosa njia na haya kwa pamoja, akapiga namba ya idara ya maji.

"Idara ya Maji, nikusaidie nini?"

"Nisikilize dakika moja tu, mpenzi."

Sauti nyangavu ikajibu, ya kikazi: "Ni tatizo la bomba au la mita?"

"Kengele, nilitaka ufurahi. Ulivyouinua uso wako siku ile..."

"Malalamiko yako yamepokelewa."

Ila hakukata simu. Kopo alimsikia akivuta pumzi. "Kesho alfajiri," alisema kwa chini. "Mara moja. Pale pale. Na uniambie kilichopo."

Alfajiri ile Kengele alikuja na koti la kijivu lililofungwa hadi shingoni. Alishika ncha yake ya kamba, Kopo akashika yake, wakaanza kukimbia, na Kopo akasema. Alisema mabati, kijani cha bei rahisi kilichopauka juani. Alisema chupa za plastiki, mifuko ya saruji iliyopasuka, mbwa aliyelala juu ya lundo la mchanga. Alisema picha ya hoteli. Alisema visiki, kimoja kimoja, na alipofika cha mwisho Kengele akasimama, akapiga magoti, akakipapasa kwa vidole.

"Wameukata vizuri," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi je? Lile gauni?"

"Lilikupendeza. Hilo lilikuwa kweli."

"Endelea."

"Na nakupenda. Hilo nalo ni kweli. Nakupenda, Kengele."

Msichana aliinamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo kazini. Kusikiliza ndiyo kazi yake. Mteja anayedai amelipa bili na hajalipa, humjua kabla hajamaliza salamu. Alisikiliza kwa muda mrefu, hata baada ya maneno kwisha.

"Ni ileile," akasema.

"Nini?"

"Sauti. Ndiyo uliyoniambia nayo kwamba imechanua. Nilidhani leo, ukisema kweli tupu, nitasikia tofauti. Nimekuja kuitafuta, nakuapia. Haipo. Kweli na uongo unavisema kwa sauti moja, na vyote kwa mapenzi."

"Basi unajua kwamba ni mapenzi!"

"Najua. Ningekuwa na macho, ningekutazama usoni nikakusamehe hapa hapa." Akainuka, akapangusa vumbi la mbao magotini. "Mimi sina mahali pengine pa kutazama, Kopo. Nilikuwa na sauti yako tu."

"Nitakuambia kweli kila siku. Kila siku, mpaka uzoee."

"Na kila siku nitanyoosha mkono nikaguse. Nikiambiwa nimependeza, nitauliza mtu wa pili. Nikiambiwa mvua inakuja, nitatoa kiganja dirishani. Utachoka. Nitakuwa nimechoka kabla yako." Akavua kitanzi, akakiweka mkononi mwa Kopo na kuvikunja vidole vyake juu yake, vizuri, kama mtu anayemfungia mtoto zawadi. Kisha akakunjua fimbo yake nyeupe, akarudi mjini akigonga mabati kwa ncha yake, kunjo baada ya kunjo.

Baada ya hapo alipata mwongozaji mwingine, mwalimu wa michezo, mwanamama aliyetumia maneno kwa ubahili wa mhasibu. Kopo naye aliendelea kukimbia, peke yake, kwa njia za nyuma ya mji.

Asubuhi moja ya baridi akaingia kwenye daraja la chuma, lile jembamba la waenda kwa miguu, akawaona wanakuja. Mwalimu mbele kidogo, Kengele pembeni, amefunga nywele kwa kitambaa chekundu. Hapakuwa na nafasi ya kukwepa. Angeweza kujibana kwenye reli, azuie pumzi, apite kama mtu yeyote. Mwalimu hakumjua. Alijibana kweli. Alizuia pumzi kweli. Kisha akaiachia.

"Kengele, ni mimi. Niko kulia kwako."

"Najua," alisema Kengele. "Nimekusikia tangu ulipopanda daraja."

Hakupunguza mwendo. Kitambaa chekundu kikapita karibu kiasi cha kugusa bega.

"Ngazi," mwalimu akasema, wakashuka.

Kopo alibaki kwenye reli. Jua lilikuwa linachomoza, na chini ya daraja maji yalikuwa yamepata rangi ambayo hajawahi kuichanganya maishani mwake, na hakuwa na wa kumwambia.