Mume Wangu Aliniambia Nivue Ngao

Nina umri wa miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha, na mpaka juzijuzi niliishi Njiro na mume wangu wa ndoa ya kanisani, Godlisten. Wasomaji wenzangu, mwanaume huyo alinimaliza kwa mchezo wa kompyuta. Cheka ukitaka! Mimi nilishacheka, nikalia, sasa nimebaki na dharau tu.

Mwaka jana mimba yangu iliharibika ikiwa kubwa. Alikuwa mtoto wa kiume. Tulishakubaliana abebe jina la marehemu baba yangu, Ndewario, kwa sababu kwetu Meru wajukuu ndio wanaorithi majina ya wazee, na mimi ni mtoto wa pekee wa baba. Daktari akaniambia sitabeba mimba tena... Jina la baba likawa limeishia kwangu.

Nikiwa nyumbani nauguza mwili, nilianza kuucheza mchezo wa mume wangu. Ni mchezo wa kurusha meli za anga kutoka nyota moja hadi nyingine. Una sheria moja iliyoniteka: anayegundua sayari mpya na kuwa wa kwanza kufikisha taarifa zake kituoni, ndiye anayeipa jina. Jina hilo linaonekana kwa wachezaji wa dunia nzima na halifutiki. Ukilipuliwa njiani kabla ya kufika, taarifa zote zinapotea.

Mmeshaelewa nilichokuwa nakitafuta.

Godlisten alikuwa na meli kubwa kama ghala la mahindi, mizinga kila upande. Hajawahi kugundua hata jiwe! Dude lenyewe linakunywa mafuta, linageuka kwa shida, na kutua bondeni haliwezi. Lakini kujisifu mbele ya marafiki zake, hapo ndipo alipokuwa bingwa.

Mimi nilichagua chombo kidogo cha uchunguzi. Kiti kimoja, kioo kipana, bunduki hakina. Mafuta kinajichotea chenyewe kwa kupita pembeni ya jua, ilimradi usilisogelee mno ukaungua. Nilipunguza kila kilichokuwa na uzito ili kiruke mbali, nikabakiza ngao tu. Godlisten akakiita bajaji. Marafiki zake wakacheka mpaka wakamwaga bia kwenye zulia langu. Nani alilifua zulia? Mimi!

Basi nikaruka na bajaji yangu. Kila nikitoka shule nasahihisha madaftari, napika, halafu nakaa sebuleni na kuendelea na safari. Nilifika mbali ambako ramani haina jina la mtu yeyote. Huko, Ijumaa moja jioni, nikaiona sayari ndogo ya kijani. Nilipotua niliukuta mlima wenye shimo lililobomoka upande mmoja, kama Meru ukiutazama kutoka Ngarenanyuki. Nililia kwa sauti. Nikasema, baba, umepata pa kukaa.

Nikamwita mume wangu aje aone. Akaja, akatazama, akanibusu kwenye paji la uso. Siku hiyo hakucheka. Ningejua!

Kurudi ndiyo kazi, kwa sababu karibu na kituo wanakaa maharamia wanaowavizia wanaotoka mbali. Godlisten akasema atanipokea njiani na kunisindikiza. Akaomba nimpe mahali halisi ilipo sayari ili apige hesabu ya njia. Nikampa. Mume wangu nimnyime?

Halafu akanishauri jambo la pili. "Vua ngao, mke wangu. Inakulemea bure. Mimi nitakuwa pembeni yako."

Nikavua.

Juma zima lililofuata, nikiwa darasani nafundisha watoto wa watu, bwana mkubwa aliaga ofisini kwamba anaumwa. Alikuwa amejinunulia chombo kidogo cha uchunguzi, cha aina ileile aliyoiita bajaji, ila chake akakifunga bunduki! Akafuata njia yangu, akaipima sayari yangu, akageuza kunifuata nyuma. Hayo yote niliyajua baadaye.

Jumamosi mchana mimi nilikuwa sebuleni nakikaribia kituo, yeye yuko barazani na kompyuta yake ya mkononi. Akaniita kupitia dirishani, "Simama hapo kidogo, mbele kuna maharamia!" Nikasimama. Mara kioo changu kikapasuka, moto ukajaa, chombo kikasambaratika...

"Pole, mama!" akasema huko barazani. "Nilidhani ni haramia!"

Nilizima kompyuta. Nikajipa moyo kwamba sayari bado ipo, nitairudia. Jumapili baada ya ibada nikafungua ramani, nikakuta imeshapewa jina. Imeandikwa Aikaeli Mdogo.

Wasomaji wenzangu, Aikaeli ni jina la mama mkwe wangu, na yuko hai, mzima kabisa. Kwetu, mtoto akirithi jina la bibi aliye hai, ndipo huitwa Mdogo ili wasichanganywe. Hakuna Mdogo pasipo mtoto! Na mimi sikuwa na mtoto. Mjinga yule aliweza kuficha kila kitu, ila sifa zilimshinda. Alitaka dunia nzima isome.

Sikumuuliza yeye. Nilimpigia simu wifi yangu, dada yake, anayekaa Kimandolu. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Wifi, Aikaeli Mdogo anaendeleaje?"

"Jamani wifi!" akasema kwa furaha. "Kumbe kaka ameshakwambia? Ameshaanza kutembea, wala hashikiki!"

Akanimwagia yote: mama wa mtoto anakaa Terrat. Aikaeli Mdogo alizaliwa juma lilelile nililolazwa. Mimi nilikuwa wodini nimepoteza mwana, na baba yake ameniaga kwamba ana safari ya kikazi Karatu! Kuna mwanaume hapo? Kuna hata nusu ya mwanaume?

Nilipombana, mnajua alinijibu nini? "Huu ni mchezo tu, mama. Nitakununulia meli kubwa."

Mama mkwe alikuja kunituliza. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Akasema, "Hizo nyota zenu mimi sizijui. Ila mtoto hana kosa, mwanangu." Nikamjibu ni kweli, mama, hana kosa. Kisha nikamwomba anisaidie kubeba mabegi yangu mpaka getini. Alibeba moja, akilia.

Sasa nipo kwenye nyumba aliyoniachia marehemu baba, chini ya mlima, kwenye migomba na kahawa yake. Sijaugusa tena mchezo ule. Jirani mmoja aliniuliza jina la yule mtoto niliyempoteza, kwa kuwa hatukumbatiza. Kabla yake hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, Ndewario. Akalitamka taratibu, akasema ni jina zuri.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi. Mwenzio akikusisitizia uvue kinachokulinda kwa kuwa yeye yupo pembeni, usivue. Na kama umeshavua, usimwonyeshe njia yako.