Kahiga Alizima Injini

Mwaka 2008, kila Jumanne na Ijumaa, Kahiga na mkewe Wangeci walipeleka viazi Nakuru. Shamba lao lilikuwa karibu na Molo. Kahiga aliendesha pikapu. Wangeci alichagua viazi na kupatana bei na wanunuzi, kwa sababu Kahiga hakuweza kupatana. Akitajiwa bei alikubali, kisha alinung'unika njia nzima ya kurudi nyumbani.

Pikapu yao ilikuwa ya dizeli, kuukuu, lakini yenye nguvu. Mwaka huo mafuta yalipanda bei mara kwa mara. Kahiga akaiga madereva wa malori. Akifika kwenye mteremko wa Sachangwan alitoa gia na kuliacha gari literemke lenyewe. Wenyewe wanaita kuweka free.

Wangeci hakupenda hata kidogo. Kwenye mteremko alikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, kana kwamba upande wake nao una breki.

"Unasukuma nini?" Kahiga alimtania.

"Nakusaidia," Wangeci alijibu. "Naona wewe umeamua kupumzika."

Mnunuzi wao mkubwa alikuwa Gopal, mwenye duka la krisps, viazi vyembamba vya kukaanga, mjini Nakuru. Jumanne moja mwezi wa Julai walimkuta nje ya duka, akipangusa gari jipya kwa kitambaa. Lilikuwa gari la haibridi, limetoka Japani.

"Kahiga, kuja uone," Gopal alisema. "Hii iko na injini ya petroli na mota ya stima. Zinasaidiana."

"Unaichaji wapi?"

"Inajichaji yenyewe. Ukiteremka, injini inazima. Kimya kabisa! Hakuna mafuta inaenda."

Wangeci alijua kwamba Gopal ana ndugu kila pembe ya dunia. "Na watu wenu huko nje wanasemaje?"

Gopal alicheka. "Kila mtu na yake, mama. Ndugu yangu Nimesh ako Tokyo. Anasema hii ndiyo gari, kwa sababu huko jam ni mingi, na hii haichomi mafuta ikisimama. Dada yangu Deepa ako London. Yeye ni dizeli tu, anasema inaenda mbali. Jirani yake naye ako na gari ya stima pekee. Anachomeka kwa ukuta kama pasi."

"Hapa stima ikipotea, huyo jirani atalala njiani," Wangeci alisema.

Wote wawili walicheka. Kahiga hakucheka. Katika maneno yote ya Gopal, yeye aliokota matatu tu: ukiteremka, injini inazima.

Ijumaa walipakia magunia kumi. Walipofika juu ya mteremko wa Sachangwan, Kahiga alitoa gia. Kisha alizungusha ufunguo, na injini ikanyamaza.

"Gari imekufa?" Wangeci aliuliza.

"Haijakufa. Nimeizima. Hata ya Gopal inazima."

Kwa muda kidogo mambo yalikuwa mazuri. Upepo ulisikika dirishani. Kahiga alitabasamu. Alikanyaga breki mara moja, gari likapunguza mwendo. Alikanyaga mara ya pili, likapunguza kidogo. Mbele yao lori lilikuwa likiteremka polepole. Alikanyaga mara ya tatu, na pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Sehemu ya nyuma ya lori ilizidi kuwa kubwa kwenye kioo cha mbele.

"Washa!" Wangeci alipiga kelele. "Kahiga, washa gari!"

Alizungusha ufunguo. Injini ilinguruma. Pedali ikalainika, breki zikashika zikitoa moshi, naye akapinda kushoto hadi kwenye changarawe. Pikapu ilisimama. Gunia moja lilianguka na viazi vikatawanyika. Lori liliendelea na safari yake, dereva wake hakujua lolote.

 Kahiga alivuta breki ya mkono, akiona haya kumtazama mkewe.

Wangeci alifungua mlango akashuka. Aliokota viazi vyote akavirudisha kwenye gunia, Kahiga akalipakia tena. Kisha akaanza kutembea kwa miguu.

"Wangeci, ingia twende."

"Nenda. Mimi hiyo gari siingii tena."

"Na Gopal je? Nani atapatana bei?"

"Patana wewe."

Kahiga aliweka gia ya kwanza akamfuata pembeni mwa barabara. Mteremko ulikuwa bado mkali, lakini pikapu ilienda kwa mwendo wa Wangeci. Yeye alitembea, gari likanguruma nyuma yake, na mumewe akaomba msamaha dirishani. Wenye malori waliwapigia honi. Hivyo ndivyo walivyoingia Salgaa.

Salgaa malori husimama, watu hula na kulala, na mafundi hawakosi kazi. Fundi mmoja, Chepkemboi, alinusa pikapu kabla haijazimwa.

"Mzee, hizo breki umezichoma. Ulikuwa free?"

"Free," Kahiga alisema kwa sauti ndogo.

"Na alikuwa amezima," Wangeci aliongeza kwa sauti kubwa.

Chepkemboi aliweka spana chini. "Nani alikuambia uzime?"

Kahiga alieleza habari ya gari la Gopal. Chepkemboi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ile ya Gopal haiko free," alisema. "Injini yake ikizima, mota ya stima bado imeshikana na magurudumu. Inalivuta gari nyuma, na hapo ndipo inachaji betri. Tena breki zake zina msaada wa stima. Yako haina. Pampu inayosaidia breki zako inazungushwa na injini. Ukizima, unabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili hivi. Halafu basi."

"Kwa hivyo niweke free, lakini nisizime?"

"Usizime, na usiweke free. Breki peke yake zikishika mzigo mteremko mzima, zinachemka na kukataa kazi. Gia ndiyo ishike gari. Ulipokuwa unamfuata mama hapa, ulikanyaga breki?"

Kahiga alifikiri. "Hapana. Nilikuwa kwa gia ya kwanza tu."

"Na mzigo ulikuwa ule ule?"

"Ule ule."

"Basi umeona mwenyewe. Gia ambayo ungepanda nayo, teremka na hiyo hiyo. Iweke kabla mteremko haujaanza."

"Lakini mafuta," Kahiga alisema. Alikuwa bado hajaliachilia wazo lake.

"Mafuta gani? Ukiwa kwa gia na umetoa mguu kwa pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Pampu ya dizeli inafunga yenyewe. Ukiwa free, injini lazima ijizungushe, na inakunywa. Wewe umekuwa ukipoteza ukidhani unaokoa."

 Wangeci alimtazama mumewe tu, na hilo lilimuuma Kahiga zaidi.

Chepkemboi alibadilisha breki zilizoungua. Wangeci alipanda matatu kwenda Nakuru, akamsubiri Kahiga kwa Gopal. Wiki mbili alifanya hivyo. Alisema ataingia kwenye pikapu siku atakayotaka, na asiulizwe.

Jumanne ya wiki ya tatu alipanda pikapu. Juu ya Sachangwan, kabla barabara haijainama, Kahiga aliweka gia ya pili. Injini ilinguruma na pikapu ikajizuia. Malori mawili yaliwapita kwa kasi, yakipiga honi. Kahiga hakuyajali. Aliangalia sakafu ya upande wa mkewe, aone kama anakanyaga.

Wangeci alikuwa amevua viatu. Miguu yake ilikuwa imekunjwa kitini, kichwa kimeegemea dirisha. Alilala mpaka Salgaa.