Mwito wa Perege

Jioni ile nilibeba ndoo ya pumba kwenda kulisha perege. Ni kazi ya kaka yangu Chaquir, lakini aliaga kwamba anakwenda mjini Palma.

Tunawafuga ndani ya tangi la zamani la maji hapa Quionga, lile la serikali ambalo mabomba yake yalikauka hata mimi sijazaliwa. Administração, ofisi ya utawala, walituachia baada ya kubembelezwa mno. Samaki wa kwanza walikufa wote. Wa pili pia. Chaquir na mama wakachinja mbuzi mweusi kumwomba radhi mzimu mwenye mahali pale, na tangu hapo perege wananenepa ajabu.

Mimi nikaanza kukonda.

Hospitali hawakuona kitu. Nakula, sishibi. Na perege wale mama alinikataza. “Ni wa kuuza hao.” Nikamcheka, nikamwita bahili.

Nilipokaribia tangi nilinusa ubani. Kisha nikasikia chuma.

Ko... ko... ko...

Mtu anagonga bomba, taratibu. Kila mfugaji ana namna yake ya kuwaita samaki. Chaquir hakupata kunionyesha yake. Nikapanda ngazi, nikachungulia.

Ni yeye! Palma hakwenda. Ameinamia maji, ananong’ona.

“Nazira wa Sumaia... njoo ule.”

Jina langu. Na la mama yangu, kama waganga wanavyolitaja.

Maji yakachafuka. Perege wakapanda wote, midomo wazi. Nami pale juu ya ngazi tumbo likaninguruma, mate yakanijaa. Katikati yao, kwenye mdomo wa bomba, imefungwa kanga yangu niliyoitafuta tangu Ramadhani.

“Kaka... umenifanya nini?”

Alishtuka, lakini hakukana. Akaanza kulia, na machozi yale yalinitia hasira kuliko kitu chochote.

“Mbuzi alikataliwa, mana, dada yangu. Mwenye mahali alitaka mtu.”

“Ukanitoa mimi?”

“Si mimi.” Sauti yake haikusikika vizuri. “Ndugu hana uwezo huo. Mtu hutolewa na aliyemzaa.”

Ndoo ikaniponyoka. Nilikimbia njia nzima nikisema mwongo, mwongo, mwongo. Mama hawezi. Mama anayeamka alfajiri kunipikia uji, anayenikanda miguu nikiishiwa nguvu... hawezi!

Nikamkuta jikoni, amenipa mgongo.

“Mama, Chaquir anasema umenitoa.”

Nilitaka acheke. Nilitaka anitukane, anirushie hata kijinga cha moto. Hakugeuka. Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kama anavyogonga kila jioni tangu mbuzi yule achinjwe, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Ko... ko... ko...

“Nazira,” akasema kwa upole. “Njoo ule, mwanangu.”

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Mdomo ukafunguka wenyewe. Ukafumba. Ukafunguka tena.

Nikaketi mkekani, nikala.