Kidonda cha Bwana Harusi

"Usiniguse!"

Fundi wa lipu aliruka kutoka kwenye stuli ya maabara kana kwamba amekalia kaa la moto. Mpimaji, ambaye pia ndiye mchumba wake, alibaki ameshika wembe na kioo cha kupimia. Zilikuwa zimebaki siku tisa wafunge ndoa, na shavuni kwa bwana harusi palikuwa na kidonda cha miezi mitatu, kikubwa kama kizibo cha soda, kisichouma wala kupona.

"Kaa, mpenzi."

"Ulinipima Jumatatu, hukuona kitu! Shangazi anasema hiyo ni saratani. Ameshapeleka kitambaa cheusi kwa fundi cherehani."

Mpimaji alitaka kucheka, akashindwa. Asubuhi ile alikuwa amepokea ujumbe kutoka kwa fundi huyu huyu: *"Tafuta mwanaume mwenye uso mzima. Pete baki nayo."* Aliusoma mara kumi na moja chooni, bomba likiwa wazi wenzake wasimsikie akilia.

"Jumatatu, kabla hujaja, ulikifanya nini kidonda?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Fundi wangu!"

"Nilikisugua kwa spiriti. Nikapaka poda."

"Poda?"

"Nilikuwa nakuja kwako. Ningekujaje natisha?"

Kumbe Jumatatu mtaalamu mzima alipima poda! Safari hii alikwangua ukingoni mwa kidonda, akapaka rangi kwenye kioo, akainamia hadubini. Jasho lilimtiririka mgongoni. Asipoona kitu tena, huenda shangazi yuko sahihi.

Akasogeza kioo. Hakuna. Akasogeza tena.

Vile pale! Vidude vya mviringo, vimejazana ndani ya seli, kila kimoja na nukta zake mbili.

"Nimeviona."

"Nakufa?"

"Hufi! Ni vimelea. Vinaletwa na usubi, kadudu kadogo kuliko mbu. Wewe ni mgonjwa wa nne kutoka mtaa wenu mwezi huu. Utachomwa sindano, utapona, litabaki kovu. Usubi hujificha kwenye nyufa za kuta."

Fundi akainamisha kichwa. Alikuwa amepiga lipu nusu ya mji, ila ukutani kwake, juu ya kitanda, kulikuwa na ufa unaomeza kiganja.

"Chumba changu sijakigusa tangu nihamie."

"Najua. Siingii humo mpaka uuzibe huo ufa."

"Kwa hiyo... utaingia?"

"Lete saruji, acha maswali."

Siku ya tisa bwana harusi alisimama na bandeji shavuni na saruji kwenye kucha. Shangazi alikuja na gauni jeusi, akiapa kwamba ndiyo mitindo ya sasa. Bibi harusi akanyoosha mkono, akamshika fundi wake shavu lile lile.

Hakuruka.