Bakuli la Supu ya Changu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Witness alifagia uwanja wa nyumba yao, akamnawisha uso mdogo wake Elia, kisha akampelekea Bibi Mastura wa nyumba ya jirani kikombe cha uji. Hizo zilikuwa kazi alizopewa na mama. Kazi nyingine alijipa mwenyewe, nayo ilikuwa kuficha jino bovu.

Jino hilo lilikuwa la nyuma, chini, upande wa kushoto. Lilianza kumuuma tangu mwezi wa sita mwaka ule wa 2001. Lakini Witness alikuwa amemsikia mwenzake wa darasa la sita akisimulia habari za koleo la daktari, na tangu siku hiyo aliona heri maumivu anayoyajua. Akawa anatafuna kwa upande wa kulia tu, na akikaribishwa muwa alisema ameshiba. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Bahati yake Witness, aliumbuliwa na shavu kabla ya kifo. Asubuhi moja ya Oktoba aliamka uso umevimba upande mmoja, na jicho la kushoto halifunguki vizuri.

Baba yake, Gaudensi, karani wa ghala bandarini Mtwara, alimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari wa meno aliitwa Joshua, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuta usaha umefika kwenye mfupa wa taya. Ikabidi apasue fizi, ang'oe jino, asafishe mfupa na kushona. Ganzi ilizuia maumivu lakini haikuzuia sauti. Witness alisikia mfupa wake ukikwanguliwa, na sauti ile ilimkaa kichwani kwa siku nyingi.

Kabla hawajaondoka, Daktari Joshua alimwita pia mama yake Witness, Mwalimu Rozalia, ili wasikie wote kwa pamoja. Witness asile kitu kigumu wala cha moto, asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kuanzia kesho yake, ameze dawa zote. Zaidi ya hayo, ale vizuri: supu ya samaki aliyetolewa miiba, mayai laini, maharage yaliyopondwa, uji wa maziwa, papai.

"Mimi nimeshona tu," daktari alisema. "Nyama mpya haitengenezwi na uzi, inatengenezwa na chakula. Nitamwona baada ya siku saba. Kidonda kisipoanza kufunga, itabidi tufungue tena, na huenda tukampeleka Dar es Salaam."

Witness hakusikia habari za papai wala za mayai. Alisikia neno moja tu, kufungua.

Siku mbili za kwanza mama alikaa nyumbani akamlisha mwenyewe. Siku ya tatu ilibidi arudi shuleni kufundisha. Aliacha bakuli la supu ya samaki aina ya changu limefunikwa kwa sahani, akamwomba Bibi Mastura awaangalie watoto mpaka saa nane.

Bibi Mastura alikuwa mjane, mzaliwa wa Mikindani, mtoto wa mvuvi na mke wa mvuvi. Alikuwa na jambo moja lililowashangaza majirani wote: hakula samaki. Wauza samaki walimtania kwamba mtu wa Mikindani asiyekula samaki ni sawa na kuku asiyekula mahindi. Bibi alicheka nao, akanunua mchicha wake akaenda zake. Sababu hakumwambia mtu.

Siku hiyo alifunua sahani, akaiona supu, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, Bibi," Witness alisema kwa shida, mdomo ukiwa bado mzito.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakupikia hii?"

"Mama. Daktari kasema."

Bibi aliketi kwenye mkeka. Akamweleza jambo ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka mingi. Aliwahi kuwa na mtoto wa kiume, Rashidi, umri kama wa Witness. Rashidi alikanyaga msumari wenye kutu ufukweni. Kidonda kilikuwa kidogo, akakifunga kitambaa, naye Bibi akampikia samaki ili apate nguvu. Siku chache baadaye taya lake likakaza. Hakuweza kufungua mdomo kula wala kusema. Hakumaliza wiki.

"Wazee wakaniambia, samaki huchokoza kidonda, na mayai vilevile. Nilimlisha kwa mkono huu." Bibi aliutazama mkono wake. "Wewe una kidonda kwenye taya lenyewe, mwanangu. Sikukatazi, mama yako amesoma. Lakini naogopa."

Hofu ya mtu mzima huambukiza upesi kuliko surua. Witness alilitazama bakuli, akaona humo ndani kuna kifo cha Rashidi. Bibi alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, alimwita Elia, mtoto wa miaka mitano asiyejua maana ya kushiba, akampa supu yote. Elia alifurahi mno, akaapa kutunza siri, na ni nani asiyeweza kutunza siri ya namna hiyo? Mama aliporudi akaona bakuli tupu, alimsifu binti yake. Witness aliinamisha uso.

Ikawa hivyo siku ya nne na ya tano. Supu kwa Elia, mayai kwa Elia. Maharage nayo Witness aliyaogopa, kwa kuwa mtu akishaanza kuogopa chakula haoni pa kuishia. Yeye alikunywa chai ya rangi iliyopoa na uji mwepesi kama maji. Elia alinawiri. Dada yake akawa akisimama kizunguzungu kinamshika, na kidonda, badala ya kutulia, kilizidi kuwanga kwa maumivu.

Mama alimuuliza kama anakula kweli. Alijibu kwamba anakula. Uongo huo ulimuuma kuliko jino lenyewe, lakini aliogopa samaki kuliko uongo.

Alasiri ya siku ya tano watoto wa jirani walikoka moto nyuma ya nyumba, wakaweka juu yake kipande cha bati kilichotobolewa na kuchoma korosho. Ulikuwa msimu, na kila uwanja ulikuwa na moshi wake. Harufu ikamfuata Witness mkekani. Njaa ya siku tatu ikamwambia kwamba korosho si samaki, wala si yai. Bibi hakuitaja. Daktari alikuwa amekataza vitu vigumu, lakini hilo hakulikumbuka, au hakutaka kulikumbuka. Elia alipomletea konzi moja ya korosho, alitafuna upesi kwa upande wa kulia. Wapi! Kipande chenye ncha kilivuka ulimi, kikazama palepale kwenye kidonda.

Maumivu yalimfumba macho. Alitema mate, yakaja na damu. Alisukutua, akakaza kitambaa kwa meno mpaka damu ikakoma, akafua kile kitambaa na kukianika nyuma ya banda la kuku ili mtu yeyote asikione.

Asubuhi ya siku ya sita mama alikwenda shuleni mapema. Witness alipotaka kupiga mswaki, mdomo haukufunguka. Alijaribu tena. Kidole kimoja tu ndicho kilichopita katikati ya meno. Basi ni sawasawa na Rashidi, alifikiri. Hakula samaki tena tangu siku ya tatu, lakini pengine yale mabakuli ya mwanzo yalitosha. Alikaa chini ukutani akaanza kuhesabu siku zilizobaki kumaliza wiki.

Bibi Mastura alimkuta hapo. Alimwinua kidevu, akamwambia afungue mdomo, na alipoona hauwezi kufunguka akaketi naye chini. Kisha akasimama. Kwa mtu wa umri wake, alifika shuleni upesi ajabu. Nusu saa baadaye Mwalimu Rozalia alikuwa njiani kwenda hospitali na binti yake mkononi, na Bibi nyuma yao hataki kubaki.

Daktari Joshua hakuharakisha. Alimpapasa Witness taya, shingo na tumbo, akamwambia akunje miguu na mikono. Akamdunga ganzi, akangoja, akafungua mdomo taratibu, na kwa kibano akatoa kitu akakiweka kwenye pamba. Kilikuwa kipande cha korosho.

"Hiki ndicho kilichovimbisha," alisema. "Misuli imekaza kwa sababu ya uvimbe. Nimeshasafisha. Lakini nyuzi zimekaa kwenye nyama iliyopauka, kama ya mtu asiyekula. Witness, tangu nikuone umekula nini?"

Mama alianza kujibu kwa niaba yake: supu, mayai, maharage. Daktari aliinua mkono kumzuia, akaendelea kumtazama mtoto.

Witness alitamani sakafu ipasuke. Angeweza kusema uongo mara moja zaidi. Lakini alikwishachoka kuogopa.

"Chai," alisema. "Chakula changu alikula Elia. Niliogopa samaki, taya litakaza nife."

Mama alishika mdomo. Kabla hajasema lolote, Bibi Mastura alijitokeza mlangoni. Akasema mtoto asilaumiwe, maneno yale ni yake yeye, na akasimulia habari za Rashidi tena.

Daktari alivua miwani. Alimvutia Bibi kiti, akamuuliza kama Rashidi aliwahi kuchanjwa. Bibi alisema hapana, wakati ule hawakujua.

"Mama yangu," daktari alisema polepole, "ule ni ugonjwa wa pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na uchafu, huingia kwa kidonda kama kile cha msumari, ndipo taya hukaza. Huyu mjukuu wako tulimdunga sindano ya kuukinga siku ya upasuaji. Samaki wako hakumuua Rashidi. Ulimpa kitu kizuri."

Bibi Mastura alijifunika uso kwa ushungi wake, mabega yakatikisika. Mwalimu Rozalia, aliyekuwa na hasira tele dakika chache zilizopita, alikwenda kumshika.

Daktari aliongeza siku saba nyingine kabla ya kuamua kama atafungua. Siku hizo Witness aliziishi kwa hofu, kila asubuhi akijitazama kwenye kioo. Lakini alikula. Mchana wa siku ya kwanza Bibi Mastura alikuja na sufuria lililofungwa kwa kanga. Alikuwa amekwenda sokoni mwenyewe kununua changu, akamtoa miiba yote kwa mkono, akamponda na nazi kidogo. Wauza samaki walipomwona walisahau hata kumtania. Witness alikunywa kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho. Bibi alimtazama mpaka bakuli likaisha, na Elia naye alitazama, kwa huzuni.

Siku ya miadi, Daktari Joshua alimulika tochi mdomoni kwa muda mrefu. Witness alishika kiti kwa mikono miwili.

"Fizi ni nyekundu na imefunga," alisema. "Hakuna kufungua tena."

Mama alilia. Jioni ile alimwita binti yake, akamwambia kwamba hatamchapa, kwa kuwa adhabu amekwisha kuipata. "Lakini ukiumwa sema, na ukiogopa sema vilevile. Ulificha jino, likafika mfupani. Ukaficha njaa, ukakaribia kufunguliwa mara ya pili. Mwili wenye jeraha haujengwi kwa kushinda njaa. Hulishwa, kama mtoto mchanga."

Bibi Mastura alikuwa ameketi karibu nao. "Nami nimejifunza uzeeni," alisema. "Nilimpa mtoto hofu yangu, naye akaishi kwa hiyo siku tatu. Hofu haishibishi."

Kisha akavuta bakuli la supu lililokuwa limebaki, akachota kijiko kimoja, akakishika mbele ya mdomo kitambo kirefu. Witness alikaa karibu yake akamshika mkono ule mwingine. Bibi akanywa.